Kuomba udaktari ukiwa tayari una shahada

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na vyuo vikafungua dirisha la maombi, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. Wanaoniandikia hawakumaliza shule juzi. Ni watu wenye shahada zao kabatini: wa mikrobiolojia kama mimi, wa kemia, walimu wa sayansi, hata mmoja wa uvuvi. Wote wanataka kujua kitu kilekile: "Dada, inawezekana kuomba MD?" MD ndiyo shahada ya udaktari. Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu nimechoka kulituma vipande vipande kwenye WhatsApp, kwa hiyo naliweka hapa lote.

Niseme mapema jambo ambalo wengi hawalipendi. Kwa mfumo wetu wa Tanzania, ile shahada uliyohangaikia miaka mitatu au minne haikufungulii mlango wa udaktari. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa vitabu vya mwongozo wa udahili wa shahada ya kwanza: kimoja cha waliomaliza kidato cha sita, kingine cha wenye stashahada na sifa linganishi. Cha wenye shahada hakipo. Vipo vyuo vyenye kipengele chao kwa waliosoma sayansi, na ndiyo maana huwa nasisitiza mtu apige simu ofisi ya udahili kabla ya kulipa ada ya maombi. Lakini wengi wetu tunaishia kurudi kwenye cheti cha kidato cha sita, kile kilichokaa chini kabisa ya bahasha, karibu na cheti cha ubatizo.

Mimi nilijaza fomu usiku, nikitumia bando la kuungaunga. Mfumo ukaniuliza namba ya mtihani ya kidato cha nne na mwaka, kisha ya kidato cha sita na mwaka. Nikabonyeza, matokeo yangu yakaja yenyewe kutoka Baraza la Mitihani: jina, shule, Fizikia, Kemia, Biolojia. Nikashuka chini kutafuta mahali pa kuandika kwamba nina shahada, kwamba nimefanya kazi maabara, kwamba naweza kuotesha bakteria na kuwatambua. Hapakuwa na pa kuandika. Kwa kompyuta ile nilikuwa binti wa kidato cha sita aliyechelewa kidogo.

Sasa kuhusu alama, kwa sababu hapa ndipo watu wa rika langu wanapochanganyikiwa. Kima cha chini cha MD ni ufaulu wa masomo matatu ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na jumla ya alama 6, yaani D tatu kwa hesabu ya kawaida ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Ila kama ulimaliza kidato cha sita 2014 au 2015, hesabu yako ni nyingine. Ndiyo miaka ile ya GPA, yaani wastani wa alama, ya "distinction" na "merit", ambapo A ilikuwa 5, B+ ikawa 4, B ikawa 3, C ikawa 2 na D ikawa 1. Mimi ni wa 2015. B yangu ya Kemia kwenye foleni ya udahili ina uzito wa C ya mdogo wangu aliyemaliza baadaye, na ukiwa na D tatu za miaka ile una alama 3 tu. Kaa na kikokotoo, fanya hesabu ya mwaka wako, usihesabu ya jirani.

Na ukishazipata hizo 6, usishangilie. Alama 6 zinakupa haki ya kuomba tu. Chuo cha Muhimbili huombwa na vijana wenye A tatu kutoka shule ambazo sote tunazijua kwa majina, na nafasi zina idadi. Mwenye shahada na alama za katikati mara nyingi anaangukia vyuo binafsi au vyuo vya mikoani, na hilo si jambo la kulionea aibu. Baraza la Madaktari likikusajili halikupangii daraja kwa jina la chuo.

Nimejiuliza sana kwa nini tuko hivi. Sehemu ya jibu iko kwenye historia. Tanganyika ilipopata uhuru 1961 inasemekana ilikuwa na madaktari wazalendo 12. Nchi nzima, kumi na wawili. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ikaanzishwa 1963, na ndiyo hiyo baada ya kupita mikono na majina kadhaa tunayoiita MUHAS, chuo kikuu cha Muhimbili, tangu 2007. Nchi yenye hali ile isingemwambia kijana asome kwanza shahada ya biolojia, apumzike, kisha arudi kuwa daktari. Tulichukua utaratibu wa Waingereza wa kumtoa mtu shuleni na kumwingiza moja kwa moja, miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa intaneshipu. Ukiulizwa leo utasema ilikuwa sahihi. Mimi pia nasema ilikuwa sahihi.

Ila Waingereza wenyewe walishaongeza mlango wa pili. Tangu 2000 wana kozi za miaka minne kwa wenye shahada, na Warwick wanachukua wenye shahada peke yao. Marekani ndiyo kabisa: huko karibu kila anayeomba udaktari tayari ana shahada, anafanya mtihani wa MCAT unaokula siku nzima, anaandika insha ya kujieleza, anaitwa usaili. Nina rafiki yangu wa sekondari aliyeko Minnesota, mtoto wa wakimbizi wa Kigoma, aliyepita njia hiyo. Siku moja tukawa tunaongea, akaniuliza, "Kwenye usaili walikuuliza nini?" Nikamwambia hakuna usaili. Akanyamaza, akadhani mtandao umekata. "Hawakukuuliza kwa nini unataka kuwa daktari?"

Hawakuniuliza. Hakuna mtu yeyote chuoni, tangu nijaze fomu mpaka nivae koti jeupe, aliyewahi kuniuliza. Kompyuta ilipanga alama kutoka juu kwenda chini, jina langu likatokea, nikapata ujumbe wenye namba ya siri ya kuthibitisha kwa kuwa nilikuwa nimechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, nikathibitisha, basi. Nikilinganisha na huyo rafiki yangu aliyefanya mazoezi ya kujibu swali hilo mbele ya kioo, nilipata mteremko.

Usaili wangu ulifanyika Tabora, sebuleni kwa mama.

Nilikuwa na kazi ya mkataba kwenye maabara ya kiwanda Dar es Salaam. Mshahara haukuwa wa kujivunia, lakini ulikuwa unalipa ada ya mdogo wangu wa mwisho, Rehema, na umeme wa nyumbani. Nikapanda basi kwenda kusema kwamba naacha kazi, narudi chuo, kwa miaka mitano. Mama alikuwa ametandika mkeka, amemwita baba mdogo, ambaye ni mstaafu wa reli na tangu baba afariki ndiye anayesikilizwa. Chai ikaletwa. Baba mdogo akaniacha niongee mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akauliza swali moja tu.

"Mwanangu, hii shahada ya kwanza imekosa nini?"

Nikaanza kueleza soko la ajira. Akatikisa kichwa. "Hayo ya ajira nayajua. Nakuuliza wewe. Ulipokuwa unaisoma hukuitaka?"

Nikamjibu ukweli: niliitaka. Niliipenda. Mikrobiolojia ni elimu tamu. Ila kiwandani kazi yangu ilikuwa kuthibitisha kwamba kwenye chupa hakuna kitu. Nachukua sampuli, naotesha, nasubiri, naandika "hakuna". Na nilikuwa nikienda kumwona shangazi aliyelazwa na nimonia, namsikia daktari anataja jina la mdudu ninayemfahamu mpaka rangi yake kwenye darubini, na sijui hatua inayofuata. Najua mdudu, simjui mgonjwa. Baba mdogo akasikiliza. Mama akauliza la kwake, la msingi kuliko yote: "Na ada ya Rehema?"

Ndugu yangu unayeniandikia, hayo maswali mawili ndiyo usaili. Mfumo hautakuuliza, kwa hiyo utaulizwa na mtu ambaye jibu lako litamgharimu. Usiende nyumbani na hotuba ya kutimiza ndoto. Nenda na karatasi yenye hesabu: ada ya mwaka, chumba, chakula, nauli, vifaa, na jina la atakayebeba mzigo uliokuwa unaubeba wewe. Mimi nilikuwa na karatasi hiyo na bado kikao kilimalizika saa sita usiku. Mama alikubali kuchukua mkopo kwenye kikoba chake, baba mdogo akasema Rehema atahamia kwake. Hakuna aliyesema "hongera". Walisema "haya".

Kwenye karatasi hiyo, usiandike Bodi ya Mikopo kama chanzo cha fedha. Najua inauma kusikia. Miongozo yao inamtaka mwombaji awe amehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano na asiwe na ajira yenye kipato. Mimi nilikuwa nimeshapita saba. Zaidi ya hapo, wengi wetu tayari tunadaiwa. Kama shahada ya kwanza ulisoma kwa mkopo, mwajiri anakukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi, na ukiacha kazi deni halikuachi. Tunashukuru ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliondolewa 2021, angalau deni halinenepi ukiwa umelala. Lakini lipo, linasubiri udaktari wako.

Matokeo yake utayaona mwaka wa kwanza. Siku bumu, yaani fedha za mkopo, likiingia, darasa zima linanukia chipsi kuku. Wewe unahesabu.

Wengi huuliza pia kama shahada ya kwanza itawapunguzia masomo. Usiipangie. Mimi nilikaa darasani nikafundishwa mzunguko wa Krebs kuanzia mwanzo, nikafanya mtihani wa baiokemia kama wengine. Nilipata nafuu, sikatai: wakati wenzangu wanahangaika na vimeng'enya, mimi nilikuwa nimeshaelekeza nguvu kwenye anatomia, ambayo ilinikuta mtupu kabisa. Shahada yoyote ya sayansi uliyo nayo haikuandai kwa anatomia. Unaingia chumba kinachonuka formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, mpaka macho yanatoa machozi, mko kundi zima kwenye mwili mmoja, mwenye kisu ni mmoja, wengine mmeshika kitabu na kunyoosha shingo. Mtihani wake ni meza zilizopangwa, kwenye kila meza kuna kipande chenye pini au uzi, unaandika jina la mshipa au neva, kengele inalia, unahama. Kengele haijali kwamba una miaka ishirini na saba na ulishawahi kuandika ripoti iliyosainiwa na meneja.

Vijana waliniita "dada mkubwa", wengine kwa utani "mama". Mwanzoni nilikaa mbele peke yangu. Baadaye nikaingia kwenye kundi la majadiliano la watoto waliozaliwa nikiwa darasa la tatu, na hao ndio walionipitisha mwaka wa kwanza. Wana kumbukumbu ya ajabu. Wanakariri neva kumi na mbili za kichwa wakiwa wanakula. Mimi nilichowapa ni vitu wasivyovijua bado: jinsi ya kusoma makala ya utafiti bila kuanzia neno la kwanza, jinsi ya kuandika ripoti, jinsi ya kumwomba mhadhiri miadi bila kujikomba. Kulikuwa na biashara ya haki kati yetu. Waliopata sapu, mtihani wa marudio, kati yetu tuliwasomesha likizo kwa simu, na mmoja aliyedisko, yaani aliyeondolewa chuo kwa kufeli, tulimchangia nauli ya kurudi Songea. Yule kijana alikuwa na akili kuliko wengi wetu. Hakuwa ameutaka udaktari, baba yake ndiye aliyeutaka. Laiti mtu angemuuliza mapema.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema mfumo wetu ni mbovu kwa kuwa haumthamini mwenye shahada. Sidai tupewe nafasi za upendeleo. Darasa letu lilikuwa na wachache wa aina yangu, akiwemo kaka mmoja aliyetoka ualimu na tabibu mmoja aliyekuja na stashahada ya utabibu na uzoefu wa zahanati, na huyo tabibu ndiye aliyetuacha sote mbali tulipoingia wodini. Alishawahi kuzalisha usiku kwa mwanga wa simu. Ninachodai ni kidogo: mtu aulizwe. Hata karatasi moja, hata dakika kumi na mhadhiri mmoja. Mwenye shahada angejieleza, na kijana wa kumi na tisa anayesukumwa na wazazi angepata mahali pa kusema.

Umri. Hili huwa wanaliuliza mwishoni, kwa sauti ya chini, hasa akina dada. Hesabu ni nyepesi: ukianza na 27, unamaliza na 32, intaneshipu inakufikisha 33, kisha unaingia kwenye foleni ya ajira kama madaktari wengine, maana siku hizi hata wao wanasubiri nafasi zitangazwe. Ukitaka ubingwa, ongeza mitatu au zaidi. Utaulizwa habari za ndoa kwenye kila msiba na kila harusi. Mimi jibu langu huwa "nipo", na wanalielewa wanavyotaka. Lakini tuwe wakweli: kwa mwenye watoto wadogo na mwenza asiyeafiki, miaka hiyo sita ni mirefu kuliko ilivyo kwenye karatasi. Nimemwona mwenzetu mmoja akiomba ruhusa ya kuahirisha mwaka na hakurudi. Sikumlaumu.

Nyaraka nazo zisikukute umelala. Kama jina la cheti cha kuzaliwa ni Mwajuma Ramadhani, la kidato cha nne ni Mwajuma R. Juma na la shahada lina jina la mume, anza sasa kutengeneza kiapo au hati ya kubadili jina. Nilisimama kwenye foleni ya usajili nyuma ya dada aliyerudishwa kwa herufi moja. Karani alikuwa amegeuza cheti, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakiweka juu ya kingine, akasema bila hata kukasirika, "Dada, hawa ni watu wawili." Alikuwa amesafiri kutoka Sumbawanga.

Nimalizie na wa CBG, maana nyie ndio wengi kwenye ujumbe wa safari hii. Ulisoma Kemia, Biolojia na Jiografia, ukapata shahada nzuri ya bioteknolojia au ya mazingira, sasa unataka MD. Huna Fizikia ya kidato cha sita, na hakuna GPA itakayoziba pengo hilo kwenye mfumo unaosoma PCB. Zipo njia mbili ninazozijua kwa watu niliowaona. Ya kwanza ni kufanya mtihani wa Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea, mwezi Mei, ukiwa umeshaulizia chuo unachokitaka kama kinapokea matokeo ya mitihani ya miaka tofauti. Uliza kabla, kwa maandishi, utunze jibu. Tafuta kituo chenye maabara ya kweli, kwa sababu mtihani wa vitendo ndio unaowaangusha watahiniwa wa kujitegemea; nadharia utaisoma hata jikoni kwako, lakini pendulamu na mzunguko wa umeme vinataka mkono uliovizoea. Ya pili ni stashahada ya utabibu, miaka mitatu, kisha MD kwa sifa linganishi, ambayo inataka GPA isiyopungua 3.0 na ufaulu wako wa kidato cha nne kwenye masomo ya sayansi, Hisabati na Kiingereza. Njia hii ni ndefu, na watu wenye shahada huidharau kwa sababu ya neno "stashahada". Mimi nikiwa na kiu hiyo na ningekuwa sina Fizikia, ningeichukua hii. Unatoka na leseni ya kutibu mkononi, unaweza kufanya kazi huku unaweka akiba ya ada, na ukifika wodini hutakuwa kama mimi, ambaye siku ya kwanza ya raundi nilijua jina la mdudu na sikujua nimshike wapi mgonjwa ili nimgeuze.

Wa Fizikia, tafuteni kituo mapema kabla usajili wa Baraza haujafungwa. Wa kutaka kuuliza ada ya chuo fulani, pigeni simu chuoni, zinabadilika. Na wa "dada niombee tu", nimeshakuombea, kajaze fomu.